Mkato wa Uzi Kwenye Jino

Wagonjwa walimwita Bi Achama, na jina lenyewe walilitoa mdomoni mwake, kwa kuwa hilo ndilo neno aliloanza nalo kazi kila asubuhi. "Achama, mpenzi. Achama zaidi. Hapo hapo, usifunge." Alikuwa msafisha meno katika zahanati ndogo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Chumba chake kilikuwa cha pili kushoto: kiti kimoja cha kulalia, taa yenye shingo ndefu, beseni la kutemea, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, kana kwamba mjenzi alitaka mtu asione kitu kingine chochote ila meno.

Humo alikuwa amekaa miaka ishirini na mitatu. Minne ya mwanzo alishika ufagio na ndoo. Daktari mzee aliyeanzisha zahanati ndiye aliyegundua kwamba yule mfagiaji, kila akifuta meza, anavirudisha vyuma vya kazi mahali pake vizuri kuliko wasaidizi waliosomea. Akampeleka chuoni. Akarudi na cheti na koti jeupe, ufagio akamwachia mwingine.

Siku yake ya kwanza na koti jeupe aliletewa mpagazi wa sokoni, mwanamume mwenye kifua kama kabati la nguo. Mtu huyo alikuwa akibeba magunia mawili kwa mpigo, lakini alipoona kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, alikamata mikono ya kiti mpaka kiti kikalia. Bi Achama mwenyewe aliogopa vilevile, ila barakoa ilimsitiri. Akatafuta la kusema, lolote lile, na kilichomjia kilikuwa kipande cha gazeti kuukuu alichokisoma zamani akifuta vumbi kwenye chumba cha kusubiria.

"Hivi unajua konokono ana meno mangapi?"

Mpagazi hakuweza kujibu, mdomo ulikuwa umejaa vyuma. Lakini macho yake yaliuliza.

"Maelfu," akasema Bi Achama, huku mkono ukikwangua. "Madogo madogo, yamejipanga safu kwa safu kama tupa ya fundi. Akila jani, analipiga msasa."

Mikono ya mpagazi ikalegea. Alipomaliza kutema na kujifuta, hakusema asante wala hakuuliza kama jino lake lina tundu. Aliuliza, "Maelfu? Na kwenye kile kichwa yanakaa wapi?"

"Kwenye ulimi."

"Mama wee! Mke wangu ataniita mwongo leo."

Tangu hapo Bi Achama hakuacha. Alinunua daftari la shule la kurasa mia mbili, likajaa, akanunua la pili. Mtoto wa kaka yake, binti aliyekuwa chuo kikuu, alimtumia habari kwenye simu: tembo hubadilisha meno yake ya kutafunia mara sita maishani, jipya likija kwa nyuma na kulisukuma la zamani mbele, na likiisha la sita basi hana tena la kutafunia. Panya meno yake ya mbele hayaachi kukua, ndiyo maana lazima agugune. Wataalamu waliofukua mifupa ya wanawake wakulima wa miaka elfu saba iliyopita waliona mikono yao ilikuwa na nguvu kuliko ya wanawake wa leo wanaoshindana kupiga makasia, kwa sababu ya kusaga nafaka na kulima siku nzima. Kisha kulikuwa na kile kipande cha utomvu mweusi wa mti, kilichotafunwa na msichana mmoja karibu miaka elfu sita iliyopita halafu akakitema. Alama za meno yake bado zimo, na kutoka kwenye mate yaliyokaukia humo wanasayansi walijua nywele zake zilikuwa nyeusi, macho yake ya bluu, na kwamba alikuwa amekula bata.

"Kwa hiyo angalia unatema wapi," Bi Achama alizoea kumalizia, akielekeza beseni.

Nyumbani mumewe, fundi seremala, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kusikia kila kitu kipya. "Leo umeniletea mnyama gani?" angeuliza kabla hajavua viatu. Akicheka, habari ilifaa. Akikuna kichwa, Bi Achama aliifanyia kazi upya. Mabinti zao wawili, waliokwisha kuolewa, walisema baba yao anajua mambo ya ajabu mengi kuliko mtu yeyote asiyewahi kuyatafuta.

Basi daktari mzee akastaafu, na zahanati akamkabidhi daktari kijana wa kike, msomi hasa, aliyetembea haraka na kufunga milango taratibu. Alipaka kuta rangi, akaleta taa mpya, akaondoa viti vilivyokuwa vikichana suruali za watu. Watu wakafurahi. Kisha akabandika karatasi kwenye kila mlango: usafishaji wa meno, dakika ishirini kwa mgonjwa. Bi Achama akaisoma, akaguna, akaendelea kutumia thelathini.

Siku moja ya Jumatatu daktari alikuwa akipita ukumbini, akasikia kutoka chumba cha pili kushoto: "Mamba, yeye ulimi hana kabisa. Ndiyo maana hujapata kusikia mamba amemsengenya mtu."

Mgonjwa alipoondoka, daktari akaingia na kuurudisha mlango.

"Bi Achama, mamba ana ulimi."

"Ana nini?"

"Ulimi. Umeshikizwa chini ya mdomo kwa ngozi, hawezi kuutoa nje. Lakini anao, tena mkubwa."

Bi Achama alihisi masikio yanawaka. Mamba huyo alikuwa naye tangu daftari la kwanza. Hakukumbuka alimtoa wapi. Pengine kwa mtu tu, njiani.

"Mimi sina ugomvi na wewe," daktari akasema, na kweli sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mkono wako ni mwepesi, wagonjwa wanakusifu. Lakini watu wakikaa kwenye kiti hiki wanaamini kila tunachowaambia. Tukiwadanganya juu ya mamba, watatuamini vipi juu ya fizi zao? Na foleni imefika ngazini. Kuanzia kesho, mama yangu, tuseme maneno ya kazi tu. Achama, funga, tema."

Jioni ile mumewe alipouliza mnyama wa leo, Bi Achama alijibu, "Mnyama wa leo ni mimi," akaenda kufua.

Wiki iliyofuata alifanya kazi kimya kama maji mtungini. Achama. Funga. Tema. Wagonjwa hawakujua washike lipi. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alimshika mkono wakati wa kuondoka, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Pole sana. Nani ametangulia?" Mpagazi wa sokoni, ambaye sasa alikuwa na mvi na alikuja kila miezi sita bila kukosa, alikaa kwenye kiti dakika tatu, akausukuma mkono wake pembeni.

"Bi Achama, kama nimekukosea, sema. Tusiwekeane kinyongo, na wewe umeshika chuma."

Hata hivyo lililomkera zaidi halikuwa kukatazwa kusema. Lilikuwa mamba. Alilala naye, akaamka naye. Mwishowe alichukua daftari, akaandika majina ya wote aliokumbuka kuwa aliwaambia, akaanza kuwapitia mmoja mmoja wakati wa mapumziko ya mchana, bado na koti jeupe. Alimwambia mwalimu mkuu. Alimwambia mpagazi, akamkuta chini ya gunia, wakazungumza hivyo hivyo gunia likiwa begani. Alishuka hadi duka la miwani, akamwambia mwenye duka.

Mwenye duka alivua miwani yake mwenyewe. "Bi Achama, unajua umenifanya nini? Mimi na shemeji yangu tulibishana juu ya ulimi wa mamba mpaka tukanuniana miezi miwili! Yeye akisema anao, mimi nasema hana, nimeambiwa na mtaalamu wa vinywa!"

"Basi mpigie simu umwombe radhi."

"Nimwombe radhi yule? Atanicheka mpaka tufe."

"Nipe namba, nitamwomba mimi." Na akampigia pale pale, akasimama katikati ya fremu za miwani akijieleza, huku upande wa pili wa simu mtu akicheka hadi akakohoa.

Habari hizi zilimfikia daktari kupitia mpagazi, ambaye hakuwa mtu wa kuweka jambo moyoni. Siku mbili baadaye alipokutana na Bi Achama ngazini, alimpisha yeye kwanza.

Alhamisi moja alikuja bibi mmoja, mfupi, mkakamavu, ameshikwa mkono na mke wa mwanawe ingawa hakuonekana kuhitaji kushikwa. Mjukuu wake alikuwa anaoa baada ya wiki tatu. Mkwe ndiye aliyeeleza yote mapokezi, kisha akayarudia kwa daktari.

"Tunataka asafishwe vizuri, na lile la mbele lizibwe. Unaliona, daktari? Lina kama kimkato pale kwenye ncha. Kila picha ya familia mama anafumba mdomo kama amenyimwa kitu. Safari hii nataka acheke."

Daktari akatazama, akasema ni kazi ndogo, ya nusu saa tu. Leo asafishwe, Alhamisi ijayo jino lizibwe. Akamwelekeza chumba cha pili kushoto.

Bi Achama akawasha taa, akavaa glavu. "Shikamoo, bibi. Achama."

Bibi hakuachama. Alimtazama kwa macho makali. "Marahaba. Ni wewe unayesimulia?"

"Ni mimi ninayesafisha, bibi."

"Jirani yangu ameniambia huku kuna mtu anasimulia. Mimi na madaktari ni paka na panya. Nimekubali kuja kwa ajili ya hizo hadithi tu. Kama hakuna, nitelemshie kiti niende zangu."

Mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kibago pembeni na mkoba mapajani, akafumba macho kwa aibu. Bi Achama akatupa jicho mlangoni. Uliachwa wazi kidogo.

"Nimeruhusiwa kusema mambo ya kazi tu," akajibu. "Achama kwanza, tuone kama kuna la kazi."

Bibi akaachama, shingo upande. Bi Achama akaingiza kioo, akapitisha mwanga kwenye meno ya chini, kisha ya juu. Kwenye jino la mbele la kulia akasimama. Ule mkato haukuwa wa kuvunjika. Ulikuwa mwembamba, laini, umeng'arishwa kama kizingiti cha mlango kinachokanyagwa na watu wengi. Akauzungushia kioo mara mbili.

"Bibi," akasema polepole, "wewe ni fundi cherehani."

Bibi akakitoa kioo mdomoni. "Nani amekuambia? Ni huyu?"

"Sijafungua mdomo mimi," mkwe akajitetea.

"Jino lako limeniambia. Unakata uzi hapa, upande wa kulia. Na pini unazishikia hapa hapa unapopima nguo. Umefanya hivyo miaka mingi, si chini ya thelathini."

"Hamsini na mmoja!" Bibi akainuka nusu kitini, uso umemfunguka. "Sare za shule, mwanangu. Mapazia. Magauni ya maharusi siwezi kuyataja idadi. Mwalimu wangu alinipa mkasi, nikauweka, kwa sababu mkasi lazima uutafute ulipo, lakini jino liko nawe. Mpaka leo nashona, ila macho ndiyo yamechoka."

Bi Achama alijua saa inakwenda. Alijua mlango uko wazi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kwenye daftari la pili, ambacho binti wa kaka yake alimtumia zamani, na hakuna mgonjwa aliyewahi kustahili kukisikia kuliko huyu. Akapiga moyo konde.

"Lala, bibi. Achama. Hili ni la kazi." Mkono ukaanza kukwangua, mwepesi kama kawaida, na sauti ikaanza nyuma ya barakoa. "Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekufa karibu miaka elfu iliyopita, nchi ya baridi huko. Aliishi na wanawake wenzake waliojitenga kumwomba Mungu. Akazikwa, nyumba yao ikaungua, kila kitu kikapotea. Jina lake halijulikani. Sasa juzi juzi hapa wanasayansi wakachukua meno yake. Walitaka kujua alikula nini, basi. Unajua huu ukoga ukiachwa miaka unageuka jiwe, na kila kilichopita mdomoni kinabaki kimefungiwa ndani? Kama huu wako hapa, subiri, usimeze. Wakauyeyusha ukoga wake, wakaweka chini ya hadubini. Wakaona vichembe vya bluu."

Mkwe akaacha kucheza na mkoba.

"Bluu tupu, ya kung'aa. Wakashangaa. Nani anakula bluu? Wakachunguza wee, wakakuta ni vumbi la jiwe lililochimbwa kwenye milima ya mbali, mwendo wa miezi. Zama hizo lilishindana na dhahabu kwa thamani. Halikupakwa mahali popote ila kwenye vitabu vitakatifu, na mchoraji hakupewa mpaka awe fundi wa mafundi. Watu siku zote walidhani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Kumbe mama huyo alikuwa mchoraji! Brashi ikitanuka, alikuwa akiichonga ncha kwa midomo yake, hivi, anairudisha kwenye rangi. Mwaka baada ya mwaka. Angalau ndivyo wanavyoona wao kuwa ndiyo maelezo yanayofaa kuliko mengine. Kitabu alichochora hakijulikani kiko wapi. Jino lake ndilo lililobaki kumsemea."

Mkono ukasimama. Bi Achama alipoinua macho, daktari alikuwa amesimama mlangoni, na saa yake ya mkononi ilikuwa imefunikwa na kiganja.

Bibi akajisukutua, akatema, akajifuta mdomo kwa utaratibu kama mtu anayekunja kitambaa.

"Jina hawakulijua?"

"Hawakulijua, bibi."

"Lakini kazi yake waliijua."

"Waliijua."

Bibi akageuka kwa daktari. "Basi hilo la mbele msilizibe."

"Mama!" mkwe akaruka. "Na picha?"

"Picha nitacheka. Nitacheka mpaka kooni waone. Lakini jino liacheni na alama yake."

Mkwe akamtazama daktari kumwomba msaada. Daktari akavaa glavu, akainama, akagusa ule mkato kwa ncha ya chuma, pande zote. "Halijaoza," akasema. "Ni zima kabisa. Kuliziba ni kwa ajili ya uzuri tu, si lazima. Ila bibi, uzi kuanzia leo ni kwa mkasi."

"Mkasi ninao. Sijui tu uko wapi."

Mkwe alijaribu kununa, akashindwa. Kitu kilikuwa kimemjia. "Gauni langu la harusi alilishona yeye," akamwambia Bi Achama, kama vile wengine hawamo chumbani. "Nakumbuka amepiga magoti miguuni kwangu, pini zimejaa mdomoni, anakata nyuzi za pindo moja moja. Niliogopa atazimeza." Akacheka, akajifuta jicho kwa ncha ya kidole. "Haya. Lisizibwe."

Walipoondoka, Bi Achama akaanza kupanga vyuma bila kugeuka, akisubiri kusemwa. Daktari akakaa kwenye kibago.

"Ya bluu ni kweli?"

"Nina ukurasa wake. Na mtoto wa kaka yangu ana andiko zima la wale wanasayansi wenyewe."

"Nilete."

Akaletewa. Akalisoma lote kesho yake akila chakula cha mchana, kijiko kikining'inia. "Nimesoma meno miaka sita," akasema, "na hii sikuifundishwa." Kabla ya saa za kufunga aliondoa ile karatasi mlangoni kwa Bi Achama akabandika nyingine: dakika thelathini. Sharti likawa moja, kwamba kila Ijumaa walete daftari mezani, wachunguze pamoja kipi ni kweli na kipi ni cha barabarani. Ijumaa ya kwanza walifuta vitu tisa. Bi Achama aliviaga kimoja kimoja, hasa kile cha ngamia alichokipenda kuliko vyote. Daktari naye akachangia cha kwake: fuko mmoja asiye na manyoya, aishiye chini ya ardhi, mwenye meno mawili ya chini anayoweza kuyatanua na kuyakutanisha moja moja kama vidole, na kila kundi lao lina malkia mmoja anayezaa na kuamrisha, kama nyuki.

"Kila mmoja anamtii?" Bi Achama akauliza.

"Kila mmoja. Akikuta mvivu anamsukuma."

"Huyo nitampenda."

Baada ya harusi mkwe alituma picha kwenye simu ya Bi Achama. Bibi yuko katikati ya maharusi, kichwa nyuma, mdomo wazi, na mkato wa uzi unaonekana waziwazi pale mbele. Bi Achama akampelekea daktari aone. Daktari akaishika simu muda mrefu kuliko picha ilivyohitaji.

"Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka," akasema. "Alikuwa akishikilia ukindu kwa meno. Ya mbele yalikuwa na mifereji, kama mbao iliyopigwa randa vibaya. Nilipohitimu tu, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa yeye. Nikayarekebisha yote."

Bi Achama akamtazama. "Alifurahi?"

"Alifurahi sana. Alikwenda kwa majirani nyumba hadi nyumba akicheka."

"Basi ulifanya vizuri. Yeye alitaka vile, na huyu kataka hivi. Jino ni la mwenyewe."

Daktari akatikisa kichwa kukubali, lakini akaendelea kuitazama picha. "Ila sikumwuliza kitu. Nilimwambia tu achame. Sijui hata ule mkeka mkubwa wa sebuleni aliusuka mwaka gani."

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Simu unayo mkononi, ingawa hiyo ni yangu."

Daktari akacheka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu kama kawaida yake. Ukuta baina ya vyumba vyao ulikuwa mwembamba. Bi Achama akajimiminia chai, akamsikia akisema, "Mama? Hapana, hakuna tatizo. Nataka kukuuliza habari za mikeka." Baada ya dakika chache akamsikia tena, "Ngoja, ngoja, rangi ile nyekundu mliipata wapi?" Mgonjwa wa saa nane alikuwa amekwisha kufika, akakaa, na wa saa nane na nusu naye akapanda ngazi. Bi Achama akaweka kikombe chini, akatoka ukumbini kuwaambia kwamba daktari yuko kwenye shughuli muhimu na hajui atamaliza lini.